Barua ya wazi kwa wazee wa kanisa la Dowlish Wake: Mpeni Bombay nafasi ukutani

Kwa Kasisi na wazee wa kanisa la Mtakatifu Andrea, Dowlish Wake, Somerset
Kwa baraza la kijiji cha Dowlish Wake
Kwa Chansela wa Dayosisi ya Bath na Wells
Nakala: Ubalozi wa Tanzania na Ubalozi wa Uganda, London

Waheshimiwa,

Nina ombi moja. Katika kanisa lenu amezikwa John Hanning Speke, mwanajeshi na mpelelezi aliyeiambia Ulaya kwamba mto Nile unatoka katika ziwa tunaloliita Nyanza. Naomba karibu na kumbukumbu yake liwekwe jiwe dogo lenye jina la Sidi Mubarak Bombay, Mwafrika aliyekuwa mkalimani wake safarini, na chini yake majina ya wenzake waliotembea naye. Bila watu hao Speke asingefika alikofika, na kama angefika, asingerudi kuzikwa kwenu.

Nakala ya Kiingereza nimeituma kwa posta. Hii ya Kiswahili naiweka hadharani kwa sababu ndiyo lugha iliyoendesha misafara ile kutoka pwani hadi maziwani, na kwa sababu wenzangu wa Mwanza, Tabora, Ujiji, Bagamoyo na Jinja wana haki ya kujua kijiji hiki kiko wapi na kinahifadhi nini. Mtanivumilia basi nikieleza mambo ambayo ninyi mmeyaona tangu utotoni.

Ndugu wasomaji, Dowlish Wake ni kijiji kidogo cha mkoa wa Somerset, kusini magharibi mwa Uingereza, mwendo wa kama kilomita tatu kusini mwa mji wa Ilminster. Wakazi wake ni mia chache tu. Nyumba nyingi za zamani zimejengwa kwa mawe ya manjano kutoka machimbo ya Ham Hill, na baadhi bado zimeezekwa kwa mabua. Wake ni jina la ukoo uliomiliki ardhi hiyo enzi za kati. Dowlish ni jina la kijito kinachopita kijijini.

Kando ya mahali ambapo watu huvuka kijito hicho kwa kupita majini, kuna daraja jembamba la mawe la karne ya 17. Hilo halikujengwa kwa ajili ya mikokoteni. Lilijengwa kwa ajili ya farasi wa mizigo, waliokuwa wakitembea kwa msururu, mmoja nyuma ya mwenzake, wakiwa wamefungwa mizigo mbavuni. Madaraja ya aina hii huwa na kuta fupi sana za pembeni, kwa sababu ukuta ukiwa mrefu mzigo unakwama. Nililipita taratibu, nikainama kutazama mawe yake. Moyo ulinigusa kuona kwamba watu wa hapa wametunza kwa karne tatu na zaidi kitu kilichojengwa kwa ajili ya mnyama aliyebeba mizigo yao. Nitarudi kwenye hilo.

Kijijini pia kuna kiwanda cha saida cha Perry's, kilichoanza mwaka 1920, ndani ya ghala la kale lililoezekwa kwa mabua. Saida ni kileo cha matufaha, na Somerset inajulikana kwacho kama Kagera inavyojulikana kwa rubisi. Zamani vibarua wa mashamba ya huku walilipwa sehemu ya ujira wao kwa saida, mpaka sheria ya mwaka 1887 ilipopiga marufuku.

Halafu kuna kanisa. Historia yake inaanzia enzi za kati, lakini sehemu kubwa ilijengwa upya mwanzoni mwa miaka ya 1860, yaani wakati uleule mwana wa ukoo wenye kijiji alipokuwa Karagwe na Buganda akisubiri ruhusa za wafalme ili asonge mbele. Ukoo wa Speke una sehemu yake ndani ya kanisa, pamoja na makaburi ya mababu ambao sanamu zao za mawe zimelala chali. Hapo ndipo ilipo kumbukumbu ya John Hanning, yenye sanamu ya kichwa na kifua chake, pamoja na ndevu zake.

Jambo lililonifanya nishike kalamu ni nembo ya ukoo. Baada ya kifo cha Speke, Malkia Victoria aliiruhusu familia iongeze alama katika nembo hiyo: maji yanayotiririka yenye neno Nile, mamba kama kilele, kisha mamba na kiboko wakiishika ngao, mmoja kila upande. Hiyo ilikuwa heshima kubwa, na familia iliipokea kwa niaba ya mtoto wao. Ila fikirini nami. Mamba wa Nyanza aliingia kwenye nembo. Kiboko akaingia. Mtu aliyetembea na Speke tangu Pangani hadi Cairo, akamkalimania, akamuuguza, akamtafutia chakula na njia, hakupewa alama yoyote.

Mtu huyo alikuwa nani? Alizaliwa karibu mwaka 1820 katika nchi ya Wayao, eneo ambalo leo ni mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Maisha yake aliyasimulia mwenyewe na Speke akayaandika. Alikuwa na umri wa kama miaka 12 wafanyabiashara wa pwani walipofika kijijini kwao wakiwa na nguo na shanga, wakawakopesha watu. Baadaye walirudi na bunduki wakidai malipo. Wanakijiji wakatawanyika, yeye akakamatwa, akapelekwa Kilwa, akauzwa, akavushwa bahari hadi India. Sisi wa pwani tusikwepe hapa. Waliomtia minyororo walikuwa wafanyabiashara waliosema lugha ninayoiandika sasa.

Akawa mtumwa India kwa miaka mingi. Bwana wake alipofariki akapata uhuru, akarudi Zanzibar, akajiandikisha katika jeshi la Sultani, akapangwa katika kikosi karibu na mto Pangani. Huko ndiko Mwingereza Richard Burton, mkuu wa safari ya kwanza, na Speke walikomkuta mwanzoni mwa mwaka 1857. Speke hakujua Kiarabu wala Kiswahili. Alijua Kihindustani kwa sababu alikuwa ametumikia jeshi la Waingereza nchini India, na Bombay alikijua kwa sababu alikuwa ametumikishwa hukohuko. Basi katika msafara ule maneno ya Speke yalikuwa yakitoka kwa Kihindustani, yakaingia masikioni mwa Bombay, yakatoka kwa Kiswahili, kisha mtu mwingine akayapeleka kwa Kinyamwezi au Kisukuma. Majibu yakarudi kwa njia hiyohiyo. Kila alichojua Speke kuhusu nchi alizopita kilipita kwanza katika kinywa cha Bombay.

Hata habari ya ziwa la kaskazini. Wakiwa Kaze, ambako leo ni Tabora, mfanyabiashara Mwarabu aitwaye Snay bin Amir aliwaeleza wageni hao kwamba kaskazini kuna ziwa kubwa kuliko Tanganyika. Snay alikuwa amekwisha kulijua. Wasukuma, Wakerewe, Wahaya na Waganda walikuwa wakilivua na kulivuka tangu vizazi na vizazi. Speke alilipeleka kwenye ramani ya London, na kazi hiyo siidharau. Lakini habari zake aliletewa kwanza na watu wenye majina.

Naomba mnisikilize kwa siku tatu ambazo zimo kwenye maandishi ya wapelelezi wenyewe.

Ya kwanza ni Februari 13, 1858. Msafara unapanda kilima chenye mawe na miiba upande wa mashariki wa Ziwa Tanganyika. Burton ni mgonjwa. Speke anaumwa macho, karibu haoni. Kutoka juu, Burton anaona mstari wa mwanga chini na kumuuliza Bombay ule ni nini. Bombay anamjibu kwamba kwa maoni yake, hayo ndiyo maji. Ndivyo Burton alivyoandika. Speke alikuwa palepale, lakini macho yake hayakuweza kuliona vizuri ziwa alilolitafuta miezi yote ile. Aliyelitambua kwa sauti, mbele yao wote wawili, alikuwa Bombay.

Ya pili ni Agosti 3, 1858. Burton amebaki Kaze. Speke na Bombay na kikundi kidogo wamekwenda kaskazini. Wanaondoka Isamilo asubuhi na mapema, wanapanda kilima kirefu cha mteremko wa taratibu, na juu yake wanaliona Ziwa Nyanza. Speke aliandika kwamba kilima kile hakikuwa na jina la wenyeji, kwa hiyo akakiita Somerset. Mwanya wa maji uliokuwa karibu akauita Jordans, jina la nyumba ya familia yake karibu na Ilminster.

Mimi ni mwana wa Mwanza. Nimekua nikiviona vilima vile na mawe yake makubwa yaliyobebana. Siamini kwamba Wasukuma waliacha kilima kizima, chenye njia na malisho, bila kukipa jina. Ila sitaki kugombana na marehemu juu ya hilo. Ninachotaka mkitambue ni kwamba mkoa wenu ulishawahi kupandwa kwetu kwa jina, juu ya kilima, asubuhi moja ya Agosti, na nyumba moja ya huku ikapewa maji ya kule. Tangu hapo tumebaki na Ghuba ya Speke, ambayo wavuvi wa Ukerewe na Magu wanaitaja kila siku. Uganda ina Mlima Speke katika safu ya Rwenzori. Nzohe, paa wa kwenye vinamasi anayepatikana Rubondo, kitaalamu anabeba jina la Speke. Mjini Jinja kuna mnara wake ng'ambo ya mto. Majina yamevuka kwenda upande mmoja kwa zaidi ya miaka 160. Ombi langu ni kwamba majina machache yavuke kuja upande wa pili, yakae kwenye ukuta mmoja, katika kijiji kimoja.

Siku ya tatu ni Julai 21, 1862. Hii ni safari ya pili ya Speke, aliyokwenda na mwanajeshi mwenzake James Augustus Grant. Grant alikuwa akiumwa mguu, ametumwa kwa njia nyingine kuelekea Bunyoro. Speke na watu wake wanafika Urondogani, ukingoni mwa Nile, siku saba kabla ya kufika mahali maji yanapotoka ziwani na kuanza kuwa mto, mahali alipopaita Maporomoko ya Ripon. Speke anawaambia wenzake kwamba ingewapasa kunyoa vichwa na kuoga katika mto huu mtakatifu, mto wa Musa. Bombay anamjibu kwa utulivu kwamba wao hawayatazami mambo hayo hivyo. Wanaridhika na maisha ya kawaida, yakiwa mabaya ni mapenzi ya Mungu, na yakiwa mazuri ni mapenzi yake pia.

Kila ninaposoma jibu hilo namwona mtu mzima kabisa. Aliuzwa utotoni, akavuka bahari mara mbili, akatembea nusu ya bara, na sasa amesimama kando ya mto ambao chanzo chake wanajiografia wa Ulaya walikiota tangu enzi za Ugiriki. Hakupiga kelele. Alimjibu bosi wake kwa adabu na imani, akaendelea na kazi. Maporomoko ya Ripon leo hayaonekani tena, yalifunikwa na maji baada ya Bwawa la Owen Falls kukamilika mwaka 1954. Maneno ya Bombay yamebaki, kwa sababu Speke mwenyewe aliona yanafaa kuandikwa.

Speke hakuwa mwema kwake siku zote. Henry Morton Stanley, aliyemwajiri Bombay miaka michache baadaye, alieleza kwamba Bombay alikuwa na pengo katika meno ya mbele, na kwamba pengo hilo lilitokana na ngumi ya Speke, huko Buganda. Sileti jambo hili mbele yenu ili kumfedhehesha mtu aliyelala kanisani kwenu. Nalileta kwa sababu ninyi ni watu wa kanisa, na mnajua maana ya mtu kupigwa mdomoni kisha akaendelea kumwongoza aliyempiga hadi akafika salama.

Na alimfikisha. Msafara ulioondoka pwani mwaka 1860 ulikuwa na zaidi ya watu 150. Wengi walikuwa wapagazi, kila mmoja na mzigo wa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30: majora ya merikani, shanga, waya, risasi. Njiani wengine walitoroka, wengine waliugua, wengine walikufa. Waliobaki hadi mwisho walishuka na Nile hadi Gondokoro, Khartoum, hatimaye Cairo mwaka 1863. Walipigwa picha huko. Wanaume waliokuwa wamebaki walikuwa 18, na miongoni mwao walikuwa Bombay, Mabruki, Uledi na Frij, kama Speke alivyoliandika jina hilo la mwisho. Kulikuwa na wanawake pia. Kisha Speke na Grant wakapanda meli kwenda Uingereza kupokelewa kwa shangwe, na wale wengine wakaanza safari ya kurudi Zanzibar.

Hapa ndipo ninaporudi kwenye daraja lenu. Kijiji chenu kimetunza njia ya farasi wa mizigo. Daraja lile halina kazi kubwa leo, lakini hakuna mwenye akili timamu atakayekubali livunjwe, kwa sababu linaeleza jinsi watu wa hapa walivyoishi na nani aliwabebea. Wapagazi wa Speke walibeba mizigo mizito kwa mabega na vichwa, kwa miguu mitupu, kutoka Bagamoyo hadi Buganda, ili jina la mtu wa Dowlish Wake liandikwe kwenye marumaru. Kama farasi anastahili daraja, na nakubali anastahili, basi hao wanastahili mstari mmoja wa maandishi.

Speke alifariki Septemba 15, 1864, huko Neston Park, Wiltshire. Alikuwa akiwinda, akawa anavuka ukuta mfupi wa mawe, bunduki yake ikafyatuka. Siku iliyofuata alitarajiwa kukutana na Burton mjini Bath katika mjadala juu ya chanzo cha Nile. Alikuwa na umri wa miaka 37. Walipomzika kwenu, David Livingstone alikuwepo, Sir Roderick Murchison, rais wa Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia, alikuwepo, na Grant, rafiki yake, alikuwepo. Wakati huo Bombay alikuwa upande wa pili wa dunia. Asiyekuwepo na lake halipo, na ndivyo ilivyokuwa kwenye jiwe.

Lakini maisha yake hayakuishia hapo. Mwaka 1871 alikuwa mkuu wa walinzi wa msafara wa Stanley uliomkuta Livingstone Ujiji. Mwaka 1873 aliondoka pwani na mpelelezi Mwingereza Verney Lovett Cameron, na mwaka 1875 wakatokea upande wa Atlantiki, Angola. Alikuwa amelivuka bara zima, bahari hadi bahari. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimtunuku nishani ya fedha na ikampangia pensheni. Alifariki Oktoba 1885. Wanaopima safari zake wanakadiria alitembea karibu kilomita 9,600, nyingi kwa miguu. Mwaka 2009 jumuiya hiyohiyo iliandaa maonyesho kuhusu watu waliofichwa katika historia ya upelelezi, na Bombay alikuwa miongoni mwao. Wasomi wa London wameshafanya sehemu yao. Imebaki sehemu ya kijiji.

Mnaweza kuniuliza kama jambo kama hili limewahi kufanyika. Nendeni kanisa la Westminster, London. Jiwe la kaburi la Livingstone linaanza kwa kusema kwamba aliletwa na mikono yenye uaminifu, kupitia nchi kavu na bahari. Waliouandaa mwili wake na kuubeba hadi Bagamoyo walikuwa Chuma, Susi, Jacob Wainwright na wenzao, na Wainwright alikuwepo kwenye mazishi ya Aprili 1874. Majina yao hayakuchongwa pale, ni mikono yao tu iliyotajwa, lakini hata hiyo ni hatua. Dowlish Wake mnaweza kwenda mbele kuliko Westminster kwa kuandika majina yenyewe. Ingekuwa fahari ya kijiji kidogo kulishinda kanisa kubwa la wafalme kwa jambo la haki.

Kuna jambo zito zaidi, na nitakuwa nimewaficha kama sitalitaja. Katika maandishi yake Speke alieneza dhana kwamba watawala wa falme za maziwa makuu, Wahima na Watutsi, walikuwa watu wa asili nyingine, waliotoka Ethiopia, walio bora kuliko majirani zao. Wakoloni waliichukua dhana hiyo wakaijengea utawala Rwanda na Burundi. Watu wa nchi hizo wanajua ilikofika, na mwaka 1994 dunia nzima iliona. Speke hakuagiza mauaji yaliyotokea miaka 130 baada ya kifo chake. Hata hivyo mbegu ile ilipita mikononi mwake, na mgeni atakayesimama mbele ya sanamu yake anastahili kuambiwa. Karatasi ya maelezo inayowekwa mlangoni mwa kanisa inatosha kwa hilo.

Kumbukumbu ya Speke ibaki ilipo. Ni sehemu ya historia yenu na yetu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Speke alikuwa jasiri, alisema kweli juu ya chanzo cha Nile wakati wakubwa wenzake walimbeza, na akafa kabla ya kuthibitishwa. Naomba kuongezwa, siombi kuondolewa.

Nimesoma utaratibu wenu. Halmashauri ya kanisa inapitisha azimio, kamati ya ushauri ya dayosisi inatoa maoni, tangazo linabandikwa kwa siku 28 ili mwenye pingamizi ajitokeze, kisha Chansela, yaani hakimu wa dayosisi, anatoa uamuzi. Kumbukumbu za zamani ni mali ya warithi wa wahusika, kwa hiyo ni haki ukoo wa Speke nao uulizwe, na naamini wakiombwa kwa heshima watasikiliza. Mwaka 2021 Kanisa la Uingereza lilitoa mwongozo kuhusu kumbukumbu zenye utata, na mwongozo huo unazipa parokia nafasi ya kuweka maelezo au kazi mpya pembeni ya ile ya zamani. Mlango uko wazi kisheria. Kinachohitajika ni mtu wa kuuingia, na wa kwanza ni ninyi wazee wa kanisa. Bila azimio lenu hakuna kinachosogea.

Jiwe lenyewe liwe dogo, lisishindane na lile la marumaru. Lichongwe kwa Kiingereza na Kiswahili: Sidi Mubarak Bombay, Mabruki, Uledi, Frij, na wanaume na wanawake waliobeba, waliokalimani, waliolinda na kuongoza safari za 1857 hadi 1863. Likitengenezwa kwa mawe ya Ham Hill, mawe ya nyumba zenu, nitafurahi zaidi. Gharama isiwe kikwazo. Watanzania na Waganda tunaoishi nchi hii tumezoea kuchangishana kwa harusi na misiba, na kwa hili tutachangishana.

Kwenu waheshimiwa mabalozi wa Tanzania na Uganda: naomba ofisi zenu ziandike barua ya kuunga mkono ombi hili, na msiishie hapo. Ni aibu tukiwadai watu wa Somerset jiwe ilhali watoto wa shule za Mwanza wanaweza kutaja jina la Speke na wasiweze kutaja la Bombay. Zishaurini wizara zetu za elimu na utalii zimweke Bombay kwenye vitabu vya kiada na kwenye vibao vya Kilwa, Bagamoyo, Ujiji, Mwanza na Jinja. Njia aliyopita inajulikana, tarehe zinajulikana, na maneno yake mwenyewe yapo.

Kwa baraza la kijiji nina ombi dogo la ziada. Mnapowaandikia wageni habari za Dowlish Wake, mnataja daraja, saida na kaburi la Speke. Ongezeni sentensi moja kuhusu watu waliomwezesha Speke kurudi. Hilo halihitaji kibali cha Chansela wala fedha, na linaweza kufanyika mwezi huu.

Niko tayari kuja kwenye kikao chenu chochote, kueleza, kujibu maswali na kuleta tafsiri ya maandishi ya Kiswahili ili yakaguliwe. Naomba ombi hili liwekwe kwenye ajenda ya kikao kijacho cha halmashauri ya kanisa, na mnijulishe kwa maandishi kilichoamuliwa, liwe ndiyo au hapana.

Wenu katika heshima,

Mwana wa Mwanza, mkazi wa Bristol